Fundi funguo wa Gerezani: suichi ya Corolla 110 imepona kwa 35,000

Gari langu ni Corolla 110 na kazi yake ni kusambaza mayai Tabata, Segerea hadi Kinyerezi, duka kwa duka. Unazima, unashusha trei mbili, unawasha, mita mia mbele unazima tena. Kwa kazi hiyo suichi, pale unapochomeka ufunguo kuwasha gari, inachoka mapema kuliko injini. Yangu ilifika mahali ufunguo unachomoka huku gari linaunguruma, na mwanangu alikuwa anauchomoa makusudi kwenye foleni ili kuwashangaza wenzake. Kuwasha sasa: chezesha, vuta nje kidogo, tingisha usukani, bembeleza, ndipo igeuke.

Fundi ninayemsifia hapa anakaa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, upande wa maduka ya spea, si mbali na kituo cha mwendokasi. Ana meza, mwavuli na mashine ya kuchongea. Bango hana. Uliza fundi funguo za magari, utaonyeshwa.

Kabla ya kumfikia nilipita kwanza madukani, na hapo mawinga, yaani madalali, walinipokea kwa furaha zote. Suichi nzima used kutoka Japani, shilingi 120,000, ufundi juu yako. Nikauliza, ufunguo wa milango je? "Unakuwa na funguo mbili tu mama, kuna shida gani?" Shida ipo. Isitoshe, nyumba ya suichi kwenye Toyota hizi imekamatwa kwenye shina la usukani kwa bolti ambazo vichwa vyake hukatwa wakati wa kufunga, ili mwizi asizifungue. Kuzitoa mpaka fundi atoboe au azigonge kwa patasi. Duka lingine walinipa kiini kipya, ile sehemu ya ndani ya suichi inayoingia ufunguo, cha bei nafuu, 45,000, kina ufunguo wake. Jirani yangu mwenye Raum alifunga cha namna hiyo, sasa hivi naye anabembeleza kama nilivyokuwa nabembeleza mimi.

Fundi wangu aliupokea ufunguo, akaupitisha kidole gumba kwenye meno, akanirudishia. "Huu usichongeshe kopi mama. Umeisha. Nikiuchonga nakuchongea ubovu uleule." Kisha akaomba kuona kadi ya gari. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini, maana anayechonga funguo za magari bila kuuliza gari ni la nani atamchongea na mwizi wako.

Swali lake la pili lilikuwa mlango upi haufunguliwi kwa ufunguo. Wa abiria, bila shaka. Nani anazunguka upande ule? Akafungua kava la mlango, akatoa loku, akaifuta kwa kitambaa. Pembeni kuna namba imepigwa. Toyota nyingi za zamani zinayo hapo, na namba hiyo ndiyo inayosema kila jino la ufunguo lilikuwa na kina gani siku gari linatoka kiwandani. Akachonga ufunguo mpya kwa namba, siyo kwa kuiga ule wa zamani. Anakata, anapima, anapuliza vumbi, anakata tena. Ulipoingia kwenye loku ya abiria uligeuka kwa kidole kimoja.

Kwenye suichi haukugeuka vizuri, na alishaniambia hautageuka. Akachukua ule mbovu, akaubembeleza hadi hatua ya ACC, ile ya redio, akabonyeza kipini kwenye tundu dogo la pembeni kwa msumari mwembamba, kiini kizima kikatoka mkononi mwake. Ndani kuna vibati vyembamba vya rangi ya dhahabu, vyembamba kama ukucha wa mtoto, kila kimoja na springi yake na namba yake. Vilivyolika alinionyesha: katikati pameliwa, kingo zimekuwa mviringo. Akavitoa, akachagua vya namba zilezile kwenye kopo la maziwa lililojaa viini vya magari yaliyokwishachinjwa, akapanga upya. Hakutia oili. Anasema oili inashika vumbi na kugeuka gundi; alisugua ufunguo kwa risasi ya penseli, akauingiza na kuutoa mara kadhaa, basi.

Swichi ya umeme iliyo nyuma ya kiini hakuigusa, kwa sababu haikuwa na ubaya. Watu wengi wanauziwa vyote viwili kumbe kimekufa kimoja.

Alianza na 50,000, tukamalizana kwa 35,000 pamoja na ufunguo wa akiba. Ufunguo mmoja unafungua milango, buti na kuwasha gari, kama zamani.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Risiti hatoi. Kivuli cha mwavuli ni chake peke yake, mteja unakaa juani au ndani ya gari linalochemka. Simu anapokea katikati ya kazi, springi zikiwa zimetandazwa mezani. Na ile namba ya ufunguo aliiandika kiganjani kwa kalamu! Nilimwambia anawe mbele yangu, akacheka, akanawa kwa maji ya chupa yangu. Mwenye namba hiyo ana gari lako, kwa hiyo iandike kwako, uhakikishe haibaki kwake, na usiende kunywa chai ukaliacha gari mikononi mwa fundi.

Kama gari lako ni jipya kidogo na ufunguo una chipu, yeye atakuchongea chuma tu. Stata itazunguka na injini haitawaka mpaka chipu isajiliwe kwa mashine, ambayo hana. Na usisubiri suichi igome kabisa. Ikishindwa kufika ACC kiini hakichomoki kwa kipini, kinatobolewa kwa drili, na hapo bei tuliyopatana mimi na yeye isahau.

Nyota nne. Ya tano ameipoteza kwa kilipu ya kava la mlango wa abiria aliyoivunja akanyamaza. Inagonga kila nikipita tuta, na nikienda Kariakoo kununua trei namdai.