Ruger 22/45 Lite kwa Mlengaji Aliyeumia Mkono: Tathmini

Mlengaji shabaha aliyeumia kiwiko au kifundo cha mkono akiingia dukani, jambo la kwanza analoshauriwa ni kuchukua bastola nyepesi kuliko zote zilizopo kabatini. Ushauri huo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayowatoa watu fedha bure. Bastola ninayoizungumzia hapa ni Ruger Mark IV 22/45 Lite ya kaliba .22, ambayo nimeitumia kwa msimu mzima katika mashindano ya Marekani yanayojulikana kama Bullseye, ambamo mtu hulenga kwa mkono mmoja ulionyooshwa, nami nikiwa na kano za kiwiko cha kulia ambazo haziwezi tena kazi nzito. Inafaa, ila haifai kwa kila jeraha wala kwa kila raundi.

Lite ina uzito wa takribani gramu 710, kwa sababu sehemu yake ya juu ni ya alumini iliyofunika mtutu mwembamba wa chuma wenye inchi 4.4, na mpini wake ni wa plastiki ngumu. Ndugu yake, Mark IV Target ya chuma yenye mtutu mnene wa inchi 5.5, inakaribia kilo 1.2. Nusu kilo hiyo ina maana tofauti kulingana na mahali palipoumia. Mtu mwenye kilo 75 ana mkono mzima wenye kilo zipatazo 3.7, ambao uzito wake umejikusanya kama sentimita 30 kutoka begani, ilhali bastola iko mbele zaidi, kama sentimita 65. Ukipiga hesabu, utaona kwamba kubadili bastola ya chuma kwa Lite kunalipunguzia bega mzigo kwa kiasi cha sehemu moja kwa sita tu, kwa kuwa mkono wenyewe ndio mzigo mkubwa. Kwenye kifundo, ambako kilichobaki kubebwa ni kiganja na bastola, mzigo hupungua kwa theluthi moja au zaidi. Kwa hiyo mwenye jeraha la kifundo au la kiwiko ataona nafuu siku ya kwanza, na mwenye bega lililochanika huenda asione tofauti ya maana hata akinunua bastola nyepesi kuliko zote duniani.

Hata hivyo, kinachomshinda mwenye jeraha mara nyingi si kuinua bastola bali kuikoki. Katika Mark IV kinachorudi nyuma ni bolti, yaani kipande kidogo cha chuma cha mviringo kilicho ndani kinachosukuma risasi kwenye mtutu, chenye masikio mawili yanayochomoza nyuma ya bastola. Unayabana kwa kidole gumba na cha shahada, kisha unavuta kwa nguvu dhidi ya springi. Masikio hayo ni madogo, na mwenye ugonjwa wa viungo vya vidole ayajaribu dukani, mbele ya muuzaji, kabla hajatoa fedha. Kinachosaidia ni kwamba baada ya risasi ya mwisho bolti hubaki nyuma yenyewe, hivyo ukiingiza magazini nyingine huna haja ya kuivuta upya. Kujaza magazini nako kunataka kidole gumba kisukume kitufe cha pembeni na kushikilia springi wakati risasi zinapoingia, moja baada ya nyingine hadi kumi. Kifaa cha plastiki cha kusaidia kazi hiyo kinauzwa kwa bei ndogo, na sioni sababu ya mtu kuumia kwa kukikosa.

Katika kusafisha, Mark IV iliyotoka mwaka 2016 inawaacha mbali watangulizi wake, ambao kuwafungua na kuwafunga tena kulikuwa maarufu kwa kutesa hata mikono mizima. Hapa unabonyeza kitufe kimoja nyuma ya mpini, na sehemu ya juu inainama kwa bawaba iliyo mbele. Vizuizi vya usalama viko pande zote mbili, jambo lenye faida kwa anayefikiria kuhamia mkono mwingine. Wazo hilo lisidharauliwe: Károly Takács wa Hungaria aliharibiwa mkono wa kulia na bomu la mkono mwaka 1938, akajifunza kulenga kwa kushoto, na akatwaa dhahabu ya Olimpiki katika bastola ya kasi mwaka 1948 na tena mwaka 1952.

Wepesi, lakini, una gharama yake. Katika raundi ya polepole, risasi 10 kwa dakika 10 kwenye yadi 50, Lite ni rafiki, kwa sababu unaweza kuishusha, kupumzika na kuinua tena pasipo kiwiko kulalamika. Katika raundi ya kasi, risasi 5 kwa sekunde 10 kwenye yadi 25, mdomo wa bastola nyepesi huinuka zaidi kila risasi inapotoka, na muda wa kuurudisha mahali pake ni mchache. Tena kifyatulio cha kiwandani hutaka nguvu inayokaribia kilo 2 au kuzidi, yaani karibu mara tatu ya uzito wa bastola yenyewe, na nguvu hiyo huvuta vilengeo pembeni kirahisi kuliko ingekuwa kwa bastola nzito. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, za mita 25 zinaruhusu kifyatulio kishuke hadi gramu 1,000, na ndiyo maana wengi humpelekea fundi wa silaha mwenye leseni abadilishe sehemu hiyo. Ukiongeza kilengeo cha nukta nyekundu, chagua kilicho kidogo. Darubini kubwa juu ya mtutu hurudisha uzito ule ule ulioukimbia.

Nimejaribu pia Smith & Wesson M&P 22 Compact, yenye gramu zipatazo 434. Mkono unaifurahia, shabaha haiifurahii: umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni mfupi, na kila mtetemo huonekana kwenye karatasi. Kwa mwenye bega bovu ningependekeza kwanza bastola ya hewa ya mita 10, ambayo haina teke la kumrudisha nyuma, pamoja na ushauri wa daktari wa viungo.

Bei ya Lite madukani Marekani hucheza karibu na dola 600. Anayenunua iliyotumika aangalie namba yake kwenye tovuti ya Ruger, kwani mwezi Juni 2017 kampuni hiyo iliziita zirudi kiwandani Mark IV zote zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni mwaka huo, zikiwamo 22/45. Kifyatulio kikivutwa wakati kizuizi cha usalama kimeachwa katikati, risasi ingeweza kutoka baadaye kizuizi kinaposukumwa, na kidole gumba kilicho dhaifu ndicho kinachoweza kukiacha hapo.