Tahadhari: wanaouza "mashine ya kuhariri" kwa nusu ya maelezo

"Core i7, RAM 16, grafiki GB 8, SSD TB 1, programu zote zimo, wewe ni kuwasha tu." Tangazo la namna hii limewaingiza watu wengi mjini, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi muuzaji hajasema uongo hata mmoja. Ameacha tu nusu ya kila neno, na hiyo nusu aliyoiacha ndiyo inayoamua kama video yako ya HD au 4K itaharirika au itakwama.

Tuanze na hiyo i7, yaani aina ya prosesa ya Intel. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011 na i7-8700 ikatoka 2017. Zote ni i7, na ya pili inaiacha ya kwanza mbali mno. Angalia tarakimu baada ya kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 8700 cha nane, 12700 cha kumi na mbili. Kwenye laptopu soma na herufi ya mwisho. i7-7500U ina viini (cores) viwili tu, wakati i7-7700HQ ya kizazi hichohicho ina vinne. Muuzaji anayekujibu "ni i7 bwana, ni kali" bila kutaja namba nzima ama haijui au anaijua vizuri sana.

Kizazi kina maana kubwa kwa video kwa sababu simu nyingi na kamera za sasa zinarekodi kwa HEVC, yaani H.265, njia ya kubana video. Prosesa za Intel za kizazi cha tano kurudi nyuma hazina sehemu maalumu ya kufungua faili hizo, na HEVC ya biti 10 inahitaji kizazi cha saba kwenda juu. Bila sehemu hiyo kazi yote inaangukia viini vya prosesa: unabonyeza kucheza, sauti inakwenda, picha inaruka kama slaidi, na Task Manager inaonyesha asilimia 100. Kuongeza RAM hakuponyi ugonjwa huu, ingawa ndiyo dawa ya kwanza utakayouziwa.

Halafu kuna Windows. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kizazi cha nane kwenda mbele, pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya kompyuta. Mashine ya kizazi cha nne inayowaka na Windows 11 imelazimishwa. Itafanya kazi leo, lakini usiilipie kama mashine yenye msaada kamili.

Stika ya Intel si ushahidi, inabandikwa kwa kidole. Hata jina la prosesa kwenye ukurasa wa mipangilio ya Windows linaweza kuandikwa upya kupitia rejista. Nenda na flashi yako yenye programu za ukaguzi: CPU-Z, GPU-Z, HWiNFO, CrystalDiskInfo na H2testw, zote zikiwa zimepakuliwa kwenye tovuti za watengenezaji wenyewe.

Sasa grafiki, ambako ndiko watu wanapigwa zaidi. Utapeli wa kwanza ni mwepesi: muuzaji anafungua dxdiag, kidirisha cha Windows cha taarifa za mashine, anakuonyesha jumla ya kumbukumbu ya picha, GB 8 na ushee, nawe unatikisa kichwa. Hiyo ni RAM ya kawaida ambayo Windows imeruhusu grafiki iazime. Ukiwa na RAM GB 16, nusu yake huhesabiwa hapo. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bonyeza GPU, kisha usome mstari wa Dedicated GPU memory. Ukikuta MB 128, kadi ya GB 8 uliyoambiwa haipo.

Utapeli wa pili unahitaji jicho. Kadi za zamani kama GTS 450 na GTX 550 Ti huandikiwa upya BIOS, programu iliyo ndani ya kadi yenyewe, ili zijitambulishe kwa Windows kama GTX 1050 Ti. Jina linasomeka sawasawa, kumbukumbu inasomeka GB 4, kila kitu kinapendeza. GPU-Z ikizigundua huweka neno FAKE kwenye mabano mbele ya jina. Isipoweka, soma mstari wa Shaders: 1050 Ti halisi ina 768, hizo za zamani zina 192. Kisha geuza mashine utazame nyuma. Kadi za GTX za mfululizo wa 10 hazitoi mawimbi ya analogi, kwa hiyo ukiona tundu la VGA la bluu kwenye kinachoitwa 1050 Ti, usiendelee na mazungumzo.

Kadi hizi pia zinajulikana kwa sharti la ajabu la muuzaji: "usisasishe draiva." Sababu ni kwamba chipu iliyomo ndani ni ya familia ya Fermi, ambayo NVIDIA, mtengenezaji wake, ilishaiacha. Ukiweka draiva mpya ya 1050 Ti inagoma au skrini inazima. DaVinci Resolve ya sasa, programu ya kuhariri video, nayo itakwambia haiitambui kadi. Na Fermi haina NVENC, ile sehemu inayoharakisha kutoa video ya mwisho. Kwa hilo la NVENC, hata GT 1030 halali kabisa haina, na kuna wanaoiuza kama "kadi ya video".

Diski. SSD ndogo ya nje ya TB 16 kwa bei ya kutupa ni kadi ya microSD iliyogundishwa kwenye kibao kidogo cha saketi chenye USB, na programu yake ya ndani imefunzwa kutangaza ukubwa wa uongo. Faili za mwanzo zitakaa salama. Nafasi halisi ikijaa, zinazofuata huandikwa juu ya nyingine au hupotea, huku majina na ukubwa wake vikiendelea kuonekana kwenye folda. Mtu anagundua siku anayotaka picha za harusi ya mteja. Kabla ya kuweka kazi yoyote, iendeshe H2testw kwenye diski tupu, chagua Write + Verify, uiache imalize, hata kama ni saa nyingi. Kwa diski ya ndani, CrystalDiskInfo itakuonyesha afya na saa ilizotumika. Ujue pia kuwa M.2 ni umbo tu: M.2 ya SATA inaishia karibu MB 550 kwa sekunde, na kuiita NVMe, ile aina ya kasi zaidi, ni wizi.

RAM na skrini havina ujanja mwingi. Task Manager itakuonyesha nafasi ngapi zimejaa. Kijiti kimoja kinaipunguzia kasi grafiki inayotegemea RAM. GB 16 ndiyo pa kuanzia kwa video ya HD, 32 kwa 4K. MacBook yenye chipu ya Apple haiongezewi RAM hata siku moja, usikubali "utaongeza baadaye". Hiyohiyo ya mtumba, fungua Terminal uandike profiles status -type enrollment. Ikijibu kuwa imeandikishwa kwa DEP, mpango wa Apple wa vifaa vya mashirika, bado iko mikononi mwa kampuni fulani. Na skrini inayoitwa "HD" ikiwa 1366 kwa 768, ina nukta takriban nusu ya Full HD. Kurekebisha rangi za ngozi hapo ni kubahatisha.

"Programu zote zimo" ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Photoshop na Premiere Pro za kununua moja kwa moja ziliishia na CS6 ya mwaka 2012. Baada ya hapo ni usajili wa kulipia kwa kipindi. Anayekuuzia Premiere mpya ya "maisha" amekupa kraki, yaani programu iliyovunjwa ulinzi wa leseni, au akaunti ya mtu mwingine. Kraki huwekwa kwa kuzima kwanza ulinzi wa Windows, na aliyeitengeneza akitaka kupenyeza kirusi cha kuiba vidakuzi vya kivinjari (faili ndogo zinazokuweka ndani ya akaunti bila kuandika nywila tena), mlango uko wazi. Angalia mambo matatu: orodha ya Exclusions ndani ya Windows Security, faili la hosts kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc kama lina mistari yenye adobe, na amri slmgr /dli. Ikionyesha VOLUME_KMSCLIENT, aina ya leseni ya mashirika, kwenye kompyuta ya nyumbani, Windows yenyewe ni ya kuchezewa.

Wengine wanadiriki kuuza DaVinci Resolve ya bure, ambayo inatoa video hadi 3840 kwa 2160 na inapakuliwa kwa Blackmagic Design bila malipo. Kdenlive na Shotcut za video, GIMP na darktable za picha, nazo ni za bure. Ufunguo wa Resolve Studio, toleo la kulipia, ni wa kompyuta mbili. Ukiuziwa wa bei poa, umeuzwa kwa wengi, nanyi mtakuwa mnafukuzana.

Kabla ya kulipa, usikubali klipu ya mfano ya muuzaji. Beba yako ya dakika tano kutoka kwenye kamera yako, iweke kwenye mstari wa muda, ongeza rangi na maandishi, kisha itoe video huku HWiNFO ikiwa wazi na chaja imechomekwa. Joto likigonga nyuzi 95 na kasi ya prosesa ikashuka chini ya ile ya msingi, upoozaji wake ni mgonjwa. Hakikisha pia unaingia BIOS ya kompyuta (mipangilio yake ya awali kabla ya Windows) bila nenosiri.

Kama umeshanunua yenye kraki, usijisumbue kuifuta programu moja moja. Nakili picha na video zako tu, usiguse faili za kusakinishia. Tengeneza flashi ya Windows kwa kutumia kompyuta nyingine safi, futa vigawanyo vyote vya diski, usakinishe upya. Nywila za barua pepe na chaneli zako zibadilishe kupitia hicho kifaa kingine, na uzifunge akaunti hizo kwenye kila kifaa zilikobaki wazi, kwa sababu kidakuzi kilichoibwa kinaweza kuendelea kufungua akaunti hata nywila ikiwa mpya.