Mishubiri au bakuli la maji: uanze na kipi uani?

Ukitaka kuvutia ndege kwenye uwanja mdogo hapa Dar es Salaam, mimi ningeanza na maji, ingawa moyo wangu uko kwenye mishubiri.

Mshubiri ukishashika udongo hausumbui. Kiangazi, nyasi zikiwa kahawia, unatoa mashina ya maua mekundu, na chozi, ndege mdogo anayenyonya nekta, anafika. Mtazame kwa karibu: anang'ang'ania shina, anazamisha mdomo wake mwembamba uliopinda, anautoa huku chavua ya njano imemganda kwenye paji la uso. Ila maua yakiisha naye anahama, na mche mchanga unaweza kukuweka miaka kabla ya kuchanua.

Bakuli la udongo halikucheleweshi hivyo. Tetere huja hata siku za mwanzo, wakinywa kwa kufyonza bila kuinua kichwa. Weka kina cha vidole viwili na jiwe katikati, nyuki wasizame. Kazi yake ni moja: kumwaga na kujaza upya kila baada ya siku mbili, la sivyo unafuga mbu. Masika madimbwi yamejaa kila mahali, bakuli linasahaulika, Septemba linagombaniwa.