Nyumba ya magogo ya mfanyabiashara wa manyoya: nguzo zenye mfuo au pembe za kuumana?

Kanada, kampuni ya Hudson's Bay, iliyofanya biashara ya manyoya, ilitegemea sana nguzo. Ghala la Fort Langley, kituo chake cha biashara, la miaka ya 1840, limejengwa hivyo. Nguzo husimikwa juu ya boriti ya msingi na kuchongwa mfuo (mfereji mwembamba) wima, kisha magogo mafupi yenye ndimi, yaani ncha zilizopunguzwa ziingie kwenye mfuo, hushushwa humo moja moja. Miti mifupi inatosha, na ubavu mmoja hukarabatiwa bila kugusa zingine. Ila magogo yakikauka hushuka, upenyo ukatokea juu. Na boriti ikigusa udongo huoza.

Pembe za kuumana, ambapo ncha za magogo huchongwa zishikane kwenye kona, hazihitaji nguzo, na zikichongwa mteremko wa kuelekea nje humwaga maji. Lakini zinadai magogo marefu yaliyonyooka na fundi hodari wa shoka. Kwa wasaidizi wachache, nguzo. Ukichagua pembe, acha nafasi juu ya fremu za milango, la sivyo ukuta ukishuka milango itakwama.