Plagi na waya za Roadster yangu yenye kilomita 214,000: nilichofunga na nilichotoa

Ilianza Kitonga. Nilikuwa natoka Dar naenda Iringa, kuanzia Chalinze mpaka Mikumi gari haina neno kabisa, tumefika kwenye ule mlima nipo gia ya tatu nyuma ya msururu wa malori, msururu ulivyofunguka nikakanyaga mafuta na gari ikaanza kukatakata, inavuta inaacha, inavuta inaacha, moyo ukanidunda maana pale sio mahali pa kuzimikiwa na gari. Nikiachia mafuta inatulia. Nikikanyaga tena inamisi, yaani silinda inakosa kuwaka.

Gari yenyewe ni Eunos Roadster ya 1995, ile NA8C yenye injini ya BP ya 1.8. Ni hiyohiyo Mazda MX-5, Marekani wanaiita Miata. Niliinunua ikiwa na 198,000 na sasa inasoma 214,000 na kitu. Ni gari ninayoipenda sana, ndogo, nyepesi, usukani unakwambia kila kinachotokea chini ya tairi, kwa hiyo ikiumwa silali.

Nimerudi Dar nikaipeleka kwa fundi, akachomeka mashine, mashine haikuona kitu. Na isingeona, gari za miaka hiyo kompyuta yake haihesabu misi za silinda moja moja kama hizi za sasa. Akaniambia weka plagi za iridiamu (plagi ndiyo inayorusha cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda) tatizo kwisha. Nikanunua NGK BKR6EIX-11 nne, 35,000 kila moja, jumla laki na arobaini, na kweli gari ikawa tamu kwa kama wiki mbili hivi halafu misi ikarudi vilevile. Nimekuja kuelewa baadaye kwa nini ilidanganya: iridiamu ina ncha nyembamba sana, cheche inaruka kwa volti ndogo kuliko plagi ya kawaida, kwa hiyo waya mbovu unaopeleka umeme kwenye plagi ulipata ahueni kidogo tu, ugonjwa ulikuwa bado upo pale pale.

Kilichonifungua macho ni chupa ya maji ya kupulizia nguo za kupiga pasi. Usiku saa mbili, taa za uani zote nimezima, injini inanguruma, nikapuliza ukungu mwepesi wa maji juu ya waya (mikono mbali jamani, ule umeme unapiga vibaya). Waya wa silinda ya tatu ukaanza kutoa vicheche vya bluu vinarukia kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), tki tki tki, unaviona na unavisikia kabisa. Hapo ndio nikajua. Ukikanyaga mafuta kwenye mlima mgandamizo ndani ya silinda unapanda, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka pale kwenye plagi, sasa kama mpira wa waya umepasuka umeme unaona bora upite pembeni kwenye chuma. Ndio maana barabara ya tambarare gari ilikuwa nzima.

Nikachomoa waya, kofia yake ya mpira imelainika kama ubani uliotafunwa na imelowa oili. Kumulika tochi ndani ya shimo la plagi, oili imejaa imefunika mpaka porseleni. Gasketi ya tapeti kava imekauka, inavujisha taratibu miaka na miaka, oili inaingia kwenye mashimo inakula mpira wa waya. Kwa hiyo kama injini yako imezeeka na unataka kubadili waya, anza na hiyo gasketi kwanza, la sivyo unanunua waya mpya wa kuja kuliwa tena. Yangu ilikuwa 45,000 na siliconi kidogo kwenye kona za mbele na nyuma.

Waya nilizokuta kwa hapa zilikuwa hazina jina, seti 40,000, nilivyozishika ngumu kama waya wa antena, nikaacha. Dada yangu yupo Birmingham na kule hizi MX-5 zimejaa, akanitumia seti ya NGK zile za bluu, mpaka zinanifikia ni kama 170,000. Ni hela, ila kofia zake ni laini halafu zinabana, unasukuma mpaka unasikia imeingia, na urefu wa kila waya ni wa gari hii hii. Hilo la urefu ni muhimu kwa sababu koili ya Roadster, ile inayotengeneza umeme wa cheche, iko nyuma ya injini, imebanana na ukuta, kwa hiyo waya wa silinda ya kwanza unasafiri mbali kuliko wote, waya wa kubahatisha unaishia kuvutwa au kulala juu ya chuma cha moto.

Sasa plagi. Nimetoa iridiamu nikarudi kwenye za kawaida, BKR5E-11, 9,000 kila moja. Najua watu watanishangaa. Koili ya hii gari inarusha cheche kwenye silinda mbili kwa mpigo, ya 1 na ya 4 pamoja, ya 2 na ya 3 pamoja, na katika kila jozi plagi moja umeme unapita kinyume, yaani cheche inatoka kwenye ule mkono wa pembeni kwenda katikati. Zile plagi za iridiamu za IX zina iridiamu katikati tu, mkono wa pembeni ni nikeli kama plagi ya 9,000, kwa hiyo nusu ya plagi zangu nilizilipia ubora ambao hauko upande unaolika. Bora ya kawaida nibadilishe mapema.

Na namba 5 badala ya 6 nimechagua kwa makusudi. Kwa NGK namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi, yaani inapoteza joto haraka (Bosch ni kinyume chake, angalia usije ukachanganya). Injini yangu inakunywa oili kidogo, maisha yake mengi ni foleni ya Mandela na safari fupi, plagi ya baridi hapo inashika masizi, ya 5 inapata joto la kujisafisha. Kama gari yako ni ya kukimbizwa kwenye mashindano weka 6, mimi sio huko.

Feki zipo nyingi na zinaniuma, kuna duka moja niliuziwa nne boksi zuri kabisa, nyumbani nikasugua maandishi kwa kidole gumba yakafutika, na ile ringi ya chini ikachomoka yenyewe ikaanguka mezani. Orijino ringi imebanwa, haitoki kirahisi hivyo. Nilizirudisha siku hiyohiyo, pesa sikupewa.

Kufunga nilifunga mwenyewe injini ikiwa ya baridi. Nafasi nikapima kwa fila geji, 1.1, hiyo ndiyo 11 ya mwisho kwenye namba. Nimeingiza kwa mkono kwanza mpaka mwisho, halafu spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwenye 20 Nm, hedi ni ya aluminiamu ukikaza kwa hasira unaharibu meno. Fundi wangu hupaka grisi kwenye meno, NGK wenyewe wanasema usipake, nimewasikiliza wao.

Imeshapita kilomita 6,000. Mjini nilikuwa napata kama 8 kwa lita, sasa 10 na kidogo. Kitonga nimepanda tena mwezi uliopita, gia ya tatu, nimekanyaga mpaka chini pale palepale ilipokatakata na imevuta moja kwa moja. Jumamosi nimechomoa plagi zote kuangalia, tatu rangi ya kahawia nzuri ya biskuti, ile ya silinda ya tatu ina weusi kidogo kwenye meno ila shimo lake ni kavu, nimeirudisha na nitaichungulia tena ikifika 10,000.