Uzi wa kusukia badala ya draya: nimeutumia miezi 14

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Bidhaa ya leo hii hapa mkononi: uzi. Uzi mweusi wa kusukia nywele, ule uliokuwa kwenye kikapu cha bibi yako. Nimeununua Kariakoo, rola moja shilingi 1,000. Kwa miezi 14 sijapitisha draya wala pasi kichwani. Kila nilipotaka kunyoosha nywele nimefunga uzi. Niwaambie umenisaidia nini na umenishinda wapi.

Kwanza sogeeni karibu, muone hiki kitambaa cheupe. Hizi ni nywele zilizobaki kwenye chanuo jana. Huu mrefu, tazameni mwisho wake, una kidoti cheupe kama chembe ya chumvi. Huu umetoka na shina lake, muda wake umeisha. Kila mtu hupoteza nywele za namna hii kati ya 50 na 100 kwa siku, kwa hiyo usiingiwe na presha. Sasa oneni hivi vifupi, urefu wa kucha. Havina kidoti upande wowote. Hivi vimekatika. Ndivyo vinavyomfanya dada aseme "nywele zangu hazikui", kumbe zinakua, ila kinachoota juu ndicho kinachopotea chini.

Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na hizi zetu za kipilipili pungufu kidogo. Zangu leo ukizivuta zina sentimita 36. Maana yake hii ncha niliyoishika ilitoka kichwani zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Imeoshwa, imechanwa, imesukwa rasta, imelaliwa usiku wote huo. Na unywele ukishatoka kwenye ngozi hauwezi tena kujiponya. Ukipasuka nchani, hakuna mafuta ya kuuunga. Unakata hicho kipande, basi. Kwa hiyo mwenye nywele ndefu kazi yake kubwa ni kulinda kitu kizee.

Kwa nini niliacha draya? Mwaka juzi nilikwenda saluni moja, jina nitaliacha, kuosha na kunyoosha kabla ya kusuka. Nywele bado zinachuruzika, binti akapachika chanuo kwenye draya, moto wa juu kabisa, akaanza kuvuta kutoka shinani. Nikasikia tas, tas, tas. Nilipoinuka, taulo langu la begani lilikuwa limejaa vipande, na upande wa kushoto juu ya sikio nikabaki na kiraka ambacho hakikubanika. Niliumia sana, kwa sababu zile zilikuwa nywele za miaka miwili.

Pale kulikuwa na makosa mawili kwa pamoja. Maji yaliyo ndani ya unywele yakipata moto mkali huchemka, yanageuka mvuke na kuacha mapovu ndani kwa ndani, na unywele wenye mapovu huvunjika kama tambi kavu. Halafu kipilipili kina mikunjo, na kila mkunjo ni sehemu dhaifu. Chanuo likianzia shinani, mafundo yote yanasukumwa chini mpaka yanakataa kupita, na hapo kitu cha kuachia ni unywele.

Uzi wenyewe hauna moto. Ndani ya unywele kuna vifungo vidogo vinavyoachia vikilowana na kujifunga upya vikikauka. Vikikauka huku unywele umeshikwa ukiwa umenyooka, unabaki hivyo mpaka ukutane na maji tena. Uzi unachofanya ni kushika tu.

Mimi naosha Jumamosi jioni. Nachana zikiwa zimelowa na kondishena bado imo, kwa vidole kwanza, kisha chanuo la meno mapana, kuanzia nchani napanda juu. Kipilipili kikiwa kimelowa kinachanika kwa nguvu ndogo kuliko kikiwa kikavu. Nywele zilizonyooka zenyewe ndizo zinazochoka zikichanwa zimelowa. Nasuuza, naziacha zikauke mpaka zibaki na unyevunyevu tu, nagawa mafungu 14. Nazungusha uzi mara tatu karibu na shina, bila kukaza, nashuka taratibu nikiacha nafasi kama ya punje ya mchele kati ya mzunguko na mzunguko, mpaka ncha yote imefunikwa. Hapo nafunga kwa fundo la kuvuta. Hili fundo ni la muhimu kweli. Ukifunga fundo gumu, asubuhi utatafuta mkasi, na mkasi ndani ya uzi mweusi kwenye nywele nyeusi utakata visivyotakiwa.

Nimejaribu nyuzi za aina mbili. Huu wa pamba, usiong'aa, unakamata vizuri lakini unanyonya unyevu na unasugua. Nikiufungua nakuta nyuzinyuzi zimenata. Huu unaong'aa unateleza, mwanzoni utakusumbua mikononi, lakini unafunguka kama utepe na unaweza kuutumia tena. Nimebaki na huu unaong'aa.

Sasa kasoro zake. Kichwa changu kinachukua dakika 50, wakati draya ingemaliza kwa 20. Kulala nayo usiku wa kwanza ni taabu. Nywele hazitoki laini kama za pasi. Zinatoka zimevutika, zimejaa, na zina alama za mizunguko. Na kwa sisi wa Dar, kwa hili joto la unyevu, kufikia siku ya tatu zimeanza kurudi. Ukifunga zikiwa zimelowa sana hazikauki hadi asubuhi, na zinapata harufu ya uvundo. Halafu zile nywele laini za mbele, tafadhali, usizifunge uzi kabisa. Zikivutwa kila wiki, iwe kwa uzi, rasta au kibanio, mashina yanachoka, na yakifa hapo pa mbele panabaki upara wa kudumu. Hilo nimeliona kwa watu wangu wa karibu, na wengine bado ni wasichana.

Kuhusu mafuta, kwa kuwa mtauliza. Napaka ya nazi saa mbili kabla ya kuosha. Mwaka 2003 watafiti wa kampuni ya Marico ya India, ambayo yenyewe inauza mafuta ya nazi, na hilo ulijue, walionyesha kwamba mafuta ya nazi yanapunguza protini inayopotea nywele zikioshwa, na ya alizeti na yale ya madini hayakufanya hivyo. Ya nazi yanapenya ndani, mengine yanakaa juu. Kwangu yamefanya kazi. Mdogo wangu yanamkausha, nywele zinakuwa ngumu kama ufagio, ameacha. Jaribu kwenye fungu moja kwanza. Kofia ya satini ya kulalia nilinunua 5,000, na kwa mwenye nywele ndefu ningeiweka hata mbele ya mafuta, kwa sababu foronya ya pamba inasugua ncha usiku kucha.

Kwa hiyo, ninaupendekeza? Kwa mwenye nywele za asili zinazokatika, ndiyo, na ningeuchukua huu mbele ya kopo lolote la "kukuza nywele" la shilingi 40,000. Kama umeweka dawa, nywele zako tayari zimenyooka. Okoa muda wako, nunua kofia.

Haya, nafungua fungu la mwisho mbele yenu, hili la kushoto juu ya sikio, pale palipobaki kiraka. Navuta fundo... uzi huo unashuka. Rula hii hapa. Sitaki kuvuta sana. Sentimita 17. Zinazolizunguka zina 36, ambazo kabla ya kuanza uzi zilikuwa zimegota kwenye 26 muda mrefu. Hili fungu bado fupi, lakini tazameni ncha yake ilivyo nene, imejaa mpaka chini. Nitalipima tena Desemba, hapahapa.