Majuma Mawili Darini, Ndani ya Kasri la Diocletian

Nilipanga nyumba hii kwa majuma mawili ya mwezi wa Novemba, kwa sababu tangazo lake lilinadi vitu viwili ambavyo mchoraji huvipata pamoja kwa nadra: chumba cha kulala cha darini na studio ya kufanyia kazi chini yake, vyote ndani ya kuta za kasri ambalo Kaisari Diocletian alijijengea mjini Split, Kroatia, akahamia humo baada ya kung'atuka mwaka 305.

Msomaji asidhani kwamba kasri hili ni jumba moja lililofungwa kwa uzio. Ni mtaa mzima wa takriban mita 215 kwa 180, na kugeuzwa kwake kuwa makazi kulianza katika karne ya 7, pale watu wa mji jirani wa Salona walipoukimbia mji wao uliovamiwa, wakajisitiri humo na kuanza kugawana kumbi za kifalme. Kaburi la Kaisari, ambaye aliwatesa sana Wakristo, likafanywa kanisa kuu. Hekalu la Jupiter likawa mahali pa kubatizia. Na vyumba vya chini ya ardhi vikageuzwa jaa la nyumba za juu kwa mamia ya miaka, taka ambazo, ajabu ya Mungu, ndizo zilizovihifadhi mpaka vilipofukuliwa. Kwa hiyo aliyenipangisha hakuwa wa kwanza kuukata ukumbi wa Kaisari vipande. Yeye ni wa mwisho katika msururu mrefu, na kazi yake nimeipima kwa kuilinganisha na ya waliomtangulia.

Studio ameipatia. Ukuta wa mashariki umeachwa wazi, mawe meupe ya kisiwa cha Brač yakionekana yalivyochongwa, na nguzo moja imezama ukutani nusu yake, kwa kuwa kuna mtu wa zamani aliyeikuta imesimama akaona heri ajenge kuifuata kuliko kuing'oa. Ngazi ya chuma inayopanda darini inasimama kwa miguu yake yenyewe, bila hata parafujo moja kuingia kwenye jiwe, kiasi kwamba siku ikitakiwa kuondolewa, ukuta hautabaki na kovu. Dirisha linatazama kaskazini, na mwanga wake haubadiliki kutoka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Nilichora nguzo ile mara sita, na kila mara niliona alama ya patasi ambayo sikuwa nimeiona kabla.

Darini mambo ni mengine. Huko kuta zote zimefunikwa kwa bodi za jipsamu na kupakwa rangi nyeupe, ili chumba kifanane na hoteli yoyote ile duniani. Siku ya nne ulianza kuvuma upepo wa kusini ambao wenyeji huuita jugo, upepo wa joto uliobeba unyevu wa bahari, na kufikia usiku nilikuwa nikisikia harufu ya ukungu ikitoka nyuma ya kitanda. Nilipoisogeza meza ndogo nilikuta bodi imevimba na kuota madoa meusi yenye ukubwa wa kiganja, ilhali jiwe la studio, lililolowa jioni ile ile, lilikuwa limekauka siku mbili baadaye. Fundi yeyote wa Mji Mkongwe kule Unguja angemweleza mwenye nyumba kwamba ukuta wa mawe na chokaa lazima upumue, na kwamba ukiuziba, unyevu huutafuna kwa ndani.

Neno "studio" nalo linahitaji tahadhari. Hakuna karo ya kuoshea brashi isipokuwa sinki la jikoni, na mkataba, ambao niliusoma vizuri baada ya kufika, unakataza rangi za mafuta na tapentaini. Nilifanya kazi kwa mkaa na rangi za maji, nikaridhika, lakini anayechora kwa mafuta aulize kabla ya kulipa. Ajue pia kwamba gari haliingii ndani ya kuta, na kwamba fremu kubwa haitapita kila kichochoro. Kimojawapo, karibu na hekalu la Jupiter, jina lake ni Pusti me proći, yaani "Nipishe", na kwa kweli watu wawili hawapishani humo bila mmoja kurudi nyuma.

Kodi niliiona ya haki kwa msimu ule wa wageni wachache, na nisingelipa zaidi ya hapo wakati wa kiangazi. Kilichonisumbua ni ngazi ya pamoja, ambapo kando ya mlango mkuu niliona visanduku vidogo vya funguo vya wapangaji wa siku mbili tatu, na madirisha mengi yalikuwa yamefungwa mchana kutwa. Katika jengo letu nilimfahamu mkazi mmoja tu wa kudumu, bibi wa ghorofa ya pili. Kila asubuhi alivuta kamba ya nguo kwa kapi lililotundikwa ukutani, na siku jugo ilipovuma hakuianika hata leso: alinitazama nikitandaza taulo langu dirishani, akatikisa kichwa, akafunga dirisha lake.